Foleni ya Wagonjwa ni Jambo la Haki

Mada kwa wajumbe wa Halmashauri ya Walei, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na vyama vya kitume, Mlangali





Mwaka 1992 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliweka Siku ya Wagonjwa Duniani, na tangu mwaka 1993 Kanisa limekuwa likiiadhimisha kila tarehe 11 Februari, siku ya kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi. Siku hiyo twawaombea wagonjwa, twawapa Mpako Mtakatifu, na akina mama wa WAWATA huwapelekea sabuni na matunda wodini. Hayo ni mema, na tuyaendeleze. Lakini kuna taabu moja ya mgonjwa ambayo sabuni na matunda haviigusi. Ni zile saa anazokaa kwenye benchi kabla mtu yeyote hajamtazama usoni na kumwuliza anaumwa nini.

Wengi wetu tumezoea kuiona foleni ya hospitali kama mvua ya mawe: imeshuka, hakuna wa kulaumiwa, tujifunike tu mpaka ipite. Wengine humtupia lawama zote muuguzi aliye dirishani. Mada hii yataka kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea. Foleni ina sababu zake. Sababu hizo zajulikana. Na nyingi kati yake zaweza kupunguzwa hata kabla Serikali haijaongeza jengo wala daktari. Jambo linaloweza kupunguzwa, nalo likaachwa liendelee kuwaumiza maskini kuliko wengine, si suala la huruma peke yake. Ni suala la haki. Tutafuata njia tuliyoizoea katika vikundi vyetu: kutazama, kuamua na kutenda.

1. TUTAZAME

(a) Siku moja ya mgonjwa

Tufuate safari ya mgonjwa yeyote wa nyanda hizi zetu za juu. Ameamka usiku katika baridi, ametembea au amepanda bodaboda hadi barabarani, akadaka gari la alfajiri. Anafika saa mbili asubuhi. Kwa kuwa magari karibu yote hufika saa hizo, amefika pamoja na watu wa vijiji vyote. Anapanga foleni ya kadi. Kisha ya malipo. Kisha ya tabibu. Tabibu anamtuma maabara, nako kuna foleni. Anangoja majibu, anarudi kwa tabibu, na mwisho anasimama kwenye dirisha la dawa. Hizo ni foleni tano au sita. Ukijumlisha dakika ambazo alihudumiwa kweli, huenda zisifike nusu saa. Saa zilizobaki zote ni za kungoja. Alasiri inapofika, benchi ni tupu, na watumishi wamechoka hata kuzungumza hawawezi.

Sasa tuseme kwamba katika foleni hiyo yuko mama aliyebeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo ameanza kulegea kwa homa. Namba yake ni ya 40. Mbele yake yuko mtu aliyekuja kuchukua fomu ya ruhusa ya kazi, na mwingine aliyekuja kuongezewa dawa alizozoea. Hakuna aliyemchukia mtoto yule. Ila hakuna aliyepewa kazi ya kutazama benchi lote na kusema, "Huyu apite kwanza." Hapo ndipo kungoja kunapogeuka kuwa hatari ya kifo.

Kuna tena foleni isiyoonekana kwa macho, nayo ni ya simu. Mtu apigaye simu katika kituo cha huduma kwa wateja, kuuliza juu ya bima yake au malipo yake, huambiwa asubiri, akapigiwa muziki mpaka achoke. Hiyo ni foleni sawasawa na ya benchi, isipokuwa wenzake hawaoni. Nayo inaweza kuwa ya uhai na kifo. Katika mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, mama mjamzito au mtoto mchanga akipatwa na dharura, simu hupigwa bila malipo kwa namba 115, na kituo cha mawasiliano humtafutia gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Mpango kama huo hutegemea jambo moja dogo: awepo mtu wa kupokea simu inapolia.

(b) Hesabu ya foleni

Msishangae tukitaja hesabu. Elimu ya foleni ilianzia kwenye simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya jiji la Copenhagen, Denmark, alichapisha maandishi yake ya kwanza juu ya namna simu zinavyoingia kwa kubahatisha, na yakatoa mwanga kwa wote waliotafuta kujua ni njia ngapi na watumishi wangapi wanatosha ili watu wasingoje mno. Hesabu hizo hutumika leo katika mabenki, bandari na hospitali.

Tuchukue mfano. Tabibu mmoja aweza kuwaona wagonjwa 12 kwa saa, yaani dakika tano kwa mtu kwa wastani. Wakija 8 kwa saa, kila mmoja kwa wakati wake, hesabu yasema mgonjwa wa kawaida atatumia dakika 15 tangu afike hadi atoke. Wakija 10 kwa saa, atatumia dakika 30. Wakija 11, atatumia saa nzima. Wakija 12, foleni itarefuka bila kikomo, ingawa kwa macho tungedhani kwamba kazi na mtendakazi vimelingana.

Tutafakari hapo kidogo. Kutoka wagonjwa 10 hadi 11 ni nyongeza ya mtu mmoja tu, lakini muda umekuwa maradufu. Ndiyo maana kituo kinaweza kwenda vizuri mwezi mzima, kisha siku chache za malaria nyingi zikavuruga kila kitu, na watu wakasema watumishi wamekuwa wavivu ghafla. Lakini mfano huo una habari njema pia. Ukimwondoa katika foleni mtu mmoja kati ya kumi na mmoja, mtu ambaye hakulazimika kuwapo, umewapunguzia nusu ya muda wote waliobaki. Basi tuulize: ni nani wamo katika foleni bila kulazimika, na kwa nini wamo?

(c) Sababu za msongamano

Ya kwanza, twafika wote kwa wakati mmoja. Hili latokana na usafiri, na pia na desturi ya kuamini kwamba tiba ni ya asubuhi.

Ya pili, twaipita zahanati. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, wa mwaka 2007 hadi 2017, ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo mengi yamesimama. Hata hivyo mtu mwenye homa ndogo huipita zahanati ya kijiji chake na kwenda hospitali. Tusimlaumu upesi. Mara nyingi amewahi kufika zahanati akaambiwa dawa hazipo, au mganga amekwenda semina. Mwananchi hufuata mahali anapotumaini kupona. Twaona jinsi watu wanavyosafiri kutoka mikoa ya mbali kwenda Hospitali ya Consolata pale Ikonda, Makete. Ubora nao huleta foleni. Nyumba moja ikitengenezwa vizuri na jirani zake zikaachwa, ile iliyo njema italemewa na watu.

Ya tatu, upungufu wa watumishi. Hili ni kweli, wala tusilifiche. Tabibu mmoja akifanya kazi ya watatu, mwisho hata upole wake huisha.

Ya nne, vitu kutojulikana vilipo. Muuguzi akitafuta faili kwa dakika kumi, na kipimo cha shinikizo la damu kwa dakika nyingine kumi, hizo si dakika zake peke yake. Ni za kila mtu aliye kwenye benchi.

Ya tano, mlango wa nyuma. Huyu ni ndugu wa fulani, yule ana cheo, na mwingine ametoa kitu kidogo. Taarifa ya Tume ya Jaji Warioba juu ya kero ya rushwa, ya mwaka 1996, ilitaja huduma za afya miongoni mwa mahali ambapo wananchi walidaiwa fedha ili wapewe kilicho haki yao. Kila aingiaye kwa mlango wa nyuma humsukuma nyuma mtu asiye na mtu.

Ya sita yawahusu walio maskini kabisa. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, na sera ikaweka msamaha kwa wasio na uwezo. Lakini anayehitaji msamaha huo hulazimika kwanza kumtafuta mtendaji wa kijiji, kupata barua, kisha kumwona afisa wa ustawi wa jamii. Yaani maskini hupanga foleni nyingine kabla hajaifikia ile ya wagonjwa wenzake.

2. TUAMUE

Tuyapime hayo kwa nuru ya Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twamwona Musa ameketi kuamua mashauri, na watu wamesimama wakimngoja tangu asubuhi hata jioni. Musa alikuwa mtu mwema, mwaminifu, mwenye bidii. Mkwewe Yethro hakumwambia aongeze bidii. Alimwonya kwamba kwa njia ile atachoka yeye na watu watachoka pamoja naye. Akamshauri aweke viongozi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Mashauri madogo yamalizwe huko, na yale mazito tu ndiyo yaletwe kwake. Hiyo ndiyo rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa na ya kanda. Kanisa lina jina la fundisho hili, nalo ni kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931: kinachoweza kufanywa vema na walio karibu na watu kisinyakuliwe na walio juu, na walio juu wawasaidie walio chini watimize wajibu wao. Zahanati isiyo na dawa ni kiongozi wa kumi aliyenyimwa uwezo wa kuamua. Tusishangae basi mashauri yote yakimrudia Musa.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 5, twafika kwenye birika la Bethesda. Umati wa wagonjwa umelala pale, nao huamini kwamba atakayetangulia majini ndiye atakayepona. Hiyo ni foleni ambayo sheria yake ni mwenye nguvu mpishe. Mtu mmoja amekuwa mgonjwa miaka 38, na alipoulizwa na Bwana alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Kila akijaribu, mwingine humtangulia. Tuone alivyofanya Yesu. Katika umati ule alimwona yule aliyekuwa amekaa muda mrefu na asiye na mtu. Foleni iliyo ya haki hufanya vivyo hivyo: humtafuta aliye katika hatari zaidi na asiye na wa kumsemea.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na jamaa zao wakanung'unika. Mitume hawakuwaita wakorofi. Walikubali kwamba kuna kasoro katika utaratibu, wakawaita watu wote, wakachaguliwa wanaume saba wenye sifa njema wasimamie kazi ile. Nung'uniko lilizaa huduma mpya katika Kanisa. Basi mgonjwa anayelalamika si adui wa hospitali. Ni mtu anayeonyesha mahali ambapo nyumba inavuja.

Twasema mara nyingi kwamba subira yavuta heri. Ni kweli, lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Subira ni fadhila ya yule anayengoja. Yule anayewangojesha wengine hana haki ya kuwahubiria subira ili afiche uzembe wake.

Tena hili latuhusu sisi Kanisa kwa namna ya pekee. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitiliana sahihi makubaliano juu ya huduma za jamii, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Jimbo letu la Njombe lina Hospitali ya Mtakatifu Yohane pale Lugarawa, na wengi wenu mmezaliwa au mmejifungulia huko. Nyumba iitwayo kwa jina la mtakatifu yapaswa kuwa ya kwanza kujiuliza kila mwaka: kwetu, maskini hungoja saa ngapi?

3. TUTENDE

Labda mtu atasema, "Padre, hayo ni maneno mazuri, lakini bila fedha hayawezekani." Tutazame mifano mitatu, yote ya jirani.

Mfano wa kwanza uko ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika Hospitali Kuu ya Malkia Elizabeth, Blantyre, Malawi. Watoto wengi waliofia pale walikufa ndani ya siku ya kwanza baada ya kufika. Watumishi walipanga upya mapokezi ya watoto: walifundishwa kumtazama kila mtoto mara afikapo, wakawatenga wenye hali ya hatari na wale wa kawaida, wakarahisisha njia ya kupita kutoka chumba hadi chumba, na wale wa mapokezi wakawa wakiwasiliana vizuri na wale wa wodi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2006 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba hapo awali, katika kila watoto 100 waliolazwa, walikuwa wakifa kati ya 10 na 18. Baada ya mapinduzi hayo ya utaratibu walikufa kati ya 6 na 8. Wapendwa, kila tarakimu hapo ni mtoto wa mtu.

Mfano wa pili uko Mbeya, mwendo wa gari kutoka Makambako. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilichaguliwa kuwa ya kwanza nchini kujaribu njia iliyotoka Japani, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika katika hospitali huko Sri Lanka. Wizara ya Afya na shirika la JICA la Japani waliisimamia, na maneno yake matano yakawekwa kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ondoa visivyohitajika, kila kitu kiwe na mahali pake, pawe safi, utaratibu uwe mmoja kwa wote, na desturi hiyo isiachwe. Haidai mashine. Yadai makabati yenye majina, mishale ya kuonyesha njia, na viongozi wasiochoka kukumbusha. Kutoka Mbeya ilienea katika hospitali nyingine nyingi za nchi.

Mfano wa tatu uko hapa kwetu. Mkoa wa Njombe umebeba msalaba mzito wa UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulionyesha kwamba asilimia 11.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi mkoani mwetu walikuwa na virusi, na ule wa mwaka 2022–23 ulionyesha asilimia 12.7, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Zamani mgonjwa alifuata dawa kila mwezi, na kliniki za CTC zikajaa. Baadaye utaratibu ukabadilishwa: aliyetulia katika matibabu hupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Aliyekuwa akipanga foleni mara 12 kwa mwaka sasa aweza kupanga mara mbili. Anabaki shambani kwake, na tabibu anapata muda wa kumwona yule anayezidiwa. Hiyo ndiyo hesabu yetu ya mtu mmoja kati ya kumi na mmoja.

Kwa kuzingatia mifano hiyo, twapendekeza mambo haya.

Kwanza, jicho la mlangoni. Kila kituo kiwe na mhudumu aliyefundishwa, ambaye kazi yake ni kumtazama kila anayeingia kabla ya kadi na kabla ya fedha. Mtoto mwenye degedege au asiyeweza kunyonya, mtu anayepumua kwa shida au aliyepoteza fahamu, mama mjamzito anayetokwa damu: hao wapite moja kwa moja, na karatasi zifuate baadaye. Walio kwenye benchi waelezwe sababu, nao watakubali. Watu wetu hawakatai kumpisha mgonjwa mahututi. Wanachokataa ni kumpisha mwenye cheo.

Pili, siku na saa. Kliniki za wenye kisukari, shinikizo la damu na nyinginezo zenye kujulikana mapema zigawiwe kwa vijiji na kwa saa. Walio karibu waitwe alasiri. Watokao mbali waachiwe asubuhi. Viongozi wa Jumuiya waweza kutangaza ratiba hiyo baada ya ibada, ilimradi magonjwa ya watu yasitajwe hadharani.

Tatu, ukweli. Ubaoni paandikwe hatua za kufuata, gharama za kila huduma, wanaostahili msamaha, na muda unaotazamiwa wa kungoja. Dawa kama haipo, isemwe mapema asubuhi, si saa tisa mtu alipokwisha kungoja siku nzima. Anayejua atangoja kwa muda gani huumia kidogo kuliko asiyejua.

Nne, kamati. Vituo vya Serikali vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi, na halmashauri ina bodi ya huduma za afya. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kamati hizo hushiriki kupanga matumizi. Je, twawajua wajumbe wetu? Je, sanduku la maoni hufunguliwa na nani, na majibu hubandikwa wapi? Walei wenye uwezo wasikimbie nafasi hizi. Kuketi katika kamati ya zahanati ni utume kama kuimba kwaya.

Tano, zahanati. Tuidai dawa ya zahanati kwa nguvu ile ile tunayoidai barabara. Na ikiwa na dawa, tuitumie kwanza.

Sita, bima. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wajibu wa Jumuiya ni kuhakikisha kwamba wajane, wazee na wenye ulemavu wa mtaa wao hawaachwi nje ya orodha, na kwamba barua ya msamaha haimchukui maskini siku tatu za kumfuata mtendaji.

Saba, huduma ya kuongoza wagonjwa. VIWAWA na UWAKA, kwa ruhusa na maelekezo ya uongozi wa hospitali, wangeweza kutoa vijana wawili wawili siku za kliniki, wamwonyeshe bibi asiyejua kusoma wapi pa kwenda, wamsukume mlemavu, wamshikie nafasi aliyedhoofu. Watunze siri. Yule mtu wa Bethesda alikosa mtu. Sisi tuwe mtu huyo.

Nane, mioyo yetu wenyewe. Padre, katekista, mwenyekiti wa Jumuiya, mwalimu: cheo kisitupitishe mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Tusitoe kitu kidogo, na tukidaiwa tuseme mahali panapostahili. Tusimsindikize mgonjwa mmoja kwa watu kumi wanaojaza varanda. Na tumshukuru muuguzi aliyekesha. Yethro aliwahurumia wote wawili, Musa na watu. Watumishi wa afya nao wana watoto, wana uchovu, na mara nyingi wana madai ya haki yasiyosikilizwa. Haki ya mgonjwa na haki ya mtumishi ni ndugu. Moja haijengwi juu ya mgongo wa nyingine.

4. MASWALI KWA JUMUIYA

i. Katika mtaa wetu, ni nani aliyeahirisha kwenda kutibiwa mwaka huu kwa kuogopa foleni au gharama? Tumemsaidiaje?

ii. Zahanati yetu ina upungufu gani unaowafanya watu waipite? Ni nani mwenye wajibu wa kuuondoa, na ni nani kati yetu atakayekwenda kumwona?

iii. Je, wajumbe wa kamati ya kituo chetu cha afya wamewahi kutoa taarifa kwa wananchi? Tuwaalike lini?

iv. Ni jambo gani moja, lisilohitaji fedha, ambalo Jumuiya yetu inaweza kuanza kabla ya Siku ya Wagonjwa ijayo?

Tunaomba kila Jumuiya iandike majibu yake kwa ufupi na kuyaleta kwa katibu wa Haki na Amani wa parokia. Tutakayokubaliana yatapelekwa kwa waganga wafawidhi kwa heshima, si kama mashitaka, bali kama mchango wa watu wanaotaka kusaidia. Nao tutawauliza mahitaji yao.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee, ili asiwepo kati yetu mtu wa kusema kwamba alingoja mpaka akafa kwa sababu hakuwa na mtu.

Tumsifu Yesu Kristo.